Saa ya Babu: Urithi Mdogo na Historia Yake

Utangulizi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutajwa katika mambo ya fedha na biashara, lakini inafaa vile vile katika mambo ya urithi. Mzee anapofariki, watu hukumbuka kuandika shamba lake, ng'ombe wake na madeni yake. Vitu vidogo alivyokuwa akivishika kila siku, kama fimbo, miwani, redio na saa, huachwa viende na yeyote atakayevitwaa. Baada ya kizazi kimoja hapana tena ajuaye vilikuwa vya nani, wala vilifanya kazi gani.

Makala haya yanakusudia kuzungumza juu ya kimoja tu katika vitu hivyo, nacho ni saa ya mkononi ya babu. Katika nyumba nyingi za Uganda, Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo ya Mashariki, hukosi kukuta saa kuukuu ndani ya kasha, imefungwa katika kitambaa, akrabu zake zimesimama. Wenyewe hawajui waifanyeje. Je, iuzwe? Itengenezwe? Ivaliwe na mjukuu? Swali hilo ni dogo kwa sura, lakini hapana budi tujue kwanza saa hiyo ilifikaje kwenye mkono wa babu, na ilikuwa na maana gani kwake. Ndipo tutakapoweza kuamua kwa haki.

Hesabu ya saa kabla ya chombo

Neno saa limetoka katika Kiarabu, na kutoka Kiswahili limesafiri mpaka bara. Waganda husema ssaawa; Wanyarwanda na Warundi husema isaha. Pamoja na neno hilo ilisafiri pia namna ya kuhesabu. Mswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, na saa za usiku jua linapokuchwa. Kwa hiyo saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza baada ya mapambazuko, si saa ya kwanza baada ya usiku wa manane kama ilivyo kwa Wazungu. Waganda nao huhesabu hivyo hivyo, na Wahabeshi pia.

Wako wanaodhani kwamba hesabu hii ni makosa ya watu wasioijua saa. Sivyo hata kidogo. Katika nchi zilizo mbali na Ikweta, urefu wa mchana hubadilika sana baina ya kiangazi na kipupwe, na mtu hawezi kulitegemea jua liwe mwanzo wa hesabu yake pasipo kuirekebisha saa yake mara kwa mara. Waturuki walifanya hivyo kwa muda mrefu, wakirudisha saa zao kwenye kumi na mbili kila jua lilipokuchwa, mpaka walipoiacha desturi hiyo mwaka 1926. Lakini sisi tunaokaa karibu na Ikweta tuna mchana wa saa kumi na mbili na usiku wa saa kumi na mbili, takriban mwaka mzima. Hesabu yetu ilifuata maumbile ya nchi yetu.

Hata saa za serikali zilipoletwa, jua halikukubali kufuata amri. Uganda, Kenya na Tanzania hutumia majira yaliyo mbele ya Greenwich kwa saa tatu, yaani majira ya nyuzi 45 za mashariki. Kampala iko karibu na nyuzi 32 na nusu. Kwa hiyo jua hufika katikati ya mbingu ya Kampala kama dakika 50 baada ya saa sita ya mchana iliyoandikwa kwenye saa. Rwanda na Burundi hutumia majira yaliyo nyuma ya yetu kwa saa moja kamili, na huko saa na jua hukaribiana zaidi. Mwalimu atokaye Kabale kwenda Kigali huvuka mpaka na kujikuta amerudishiwa saa nzima, ingawa kivuli chake hakikubadilika.

Saa za kwanza zilizokuja na wageni

Habari ya saa katika nchi ya Buganda ni ya zamani kuliko reli, na kuliko hata ukoloni wenyewe. Mwezi wa Februari mwaka 1862, msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika katika jumba la Kabaka Mutesa. Miongoni mwa zawadi alizompelekea mfalme zilikuwamo bunduki, risasi, darubini, kiti cha chuma, shanga, vijiko na nyuma, pamoja na saa moja ya dhahabu ya aina ile iliyotumika katika safari za baharini kwa sababu ya usahihi wake. Mazungumzo baina ya watu hao wawili yalipitia kwa wakalimani waliojua Kiswahili. Tunaweza kusema, basi, kwamba saa na lugha yetu ziliingia pamoja katika baraza la Kabaka.

Miaka kumi na mmoja baadaye, upande wa kusini, katika kijiji cha Chitambo kilichoko sasa nchini Zambia, Daktari David Livingstone alikuwa mgonjwa mahututi. Tarehe 30 Aprili 1873, siku ya mwisho ya uhai wake, alimwomba mtumishi wake Susi amletee saa yake. Saa za wakati ule zilitiwa ufunguo kwa ufunguo hasa, uliotengwa na saa yenyewe. Livingstone alikuwa amedhoofika hata asiweze kuishika peke yake. Akamweleza Susi namna ya kuilaza saa katika kiganja cha mkono, na yeye akauzungusha ufunguo polepole. Kabla ya mapambazuko alikuwa amekwisha kufa. Susi, Chuma na wenzao waliuchukua mwili wake pamoja na vitu vyake mpaka pwani ya Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Mmoja wao, Jacob Wainwright, aliandika orodha ya vitu vya marehemu. Hapo tunaona mfano mzuri wa jambo tulilotaja mwanzoni: vitu viliandikiwa daftari, na ndiyo maana habari zake zipo hadi leo.

Pwani nayo ilikuwa na saa yake kubwa. Sultani Barghash wa Unguja alijenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883, na mbele yake ukasimama mnara wenye saa. Manowari za Waingereza ziliushambulia mji tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kwa muda usiofika saa moja, na mnara huo ukaharibika. Jumba lilipotengenezwa upya, mnara mpya wa saa uliunganishwa na jumba lenyewe. Mnara huo ulidumu zaidi ya miaka 120, ukaanguka pamoja na sehemu ya jumba mwezi wa Desemba 2020. Saa ya sultani iliangaliwa na mafundi na serikali, na bado haikunusurika. Saa ya babu katika kasha haina mlinzi ila jamaa zake.

Kutoka mfukoni kwenda mkononi

Saa zilizotajwa hapo juu hazikuvaliwa mkononi. Mpaka mwisho wa karne ya 19, mwanamume wa Ulaya aliweka saa katika mfuko wa kizibao, nayo ilifungwa kwa mkufu. Saa ndogo ya mkononi ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Kilichobadilisha mambo ni vita. Askari aliye handakini, ana bunduki mkono mmoja na ramani mkono wa pili, hana nafasi ya kupekua mfuko wake. Tena mashambulio yalipangwa kwa dakika: mizinga inyamaze dakika fulani, na askari watoke dakika hiyo hiyo. Katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 saa ya mkononi ikawa chombo cha kazi cha wanaume, na vita vilipokwisha hawakuivua.

Viwanda vya Uswisi na Uingereza viliifuata biashara hiyo kwa bidii. Hans Wilsdorf, aliyeanzisha biashara yake London mwaka 1905 na kuihamishia Geneva baada ya vita, alitoa mwaka 1926 saa iliyozibwa isiingize maji wala vumbi. Mwaka uliofuata mwanamke Mwingereza aitwaye Mercedes Gleitze aliogelea katika mlangobahari ulio baina ya Uingereza na Ufaransa akiwa na saa ya namna hiyo, nayo haikusimama. Katika nchi zetu za vumbi na masika, sifa ya kuzuia vumbi na maji haikuwa anasa.

Vita vya pili vilileta saa nyingi zaidi. Askari wa Afrika ya Mashariki, wakiwamo wa kikosi cha nne cha King's African Rifles kilichoandikisha watu wa Uganda, walipigana Burma katika miaka ya 1944 na 1945. Serikali ya Uingereza iliagiza saa maalumu kwa ajili ya jeshi lake kutoka viwanda kumi na viwili. Saa hizo zina uso mweusi, tarakimu nyeupe, na nyuma yake zimechorwa alama ya mshale na herufi W tatu. Yeyote aliyerithi saa kutoka kwa babu aliyekuwa askari aigeuze na kuitazama nyuma, kwa maana alama hizo ni ushahidi wa historia, na hazina budi kuhifadhiwa zisifutwe.

Reli na karani wa stesheni

Hata hivyo, kwa wengi wa babu zetu, aliyewafundisha kuvaa saa hakuwa jeshi bali alikuwa reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Ziwa Nyanza mahali paitwapo sasa Kisumu mwaka 1901. Njia ya kuingia Kampala kupitia Tororo na Jinja ilikamilika mwaka 1931, na ile ya kwenda Kasese mwaka 1956. Treni haimngojei mtu. Kwenye njia moja hupita treni za pande mbili, na kama karani wa stesheni hii na yule wa stesheni ya pili hawana majira mamoja, treni zitagongana. Saa ya mtu wa reli ilikuwa amana ya roho za watu.

Marehemu babu yangu alikuwa karani wa stesheni, upande wa magharibi ya Kampala, katika shirika la Reli na Bandari za Afrika ya Mashariki. Saa yake aliinunua mwaka ule ule wa 1956, kwa fedha alizoweka akiba kwa miezi mingi, katika duka la Mhindi mjini Kampala. Ni saa ya Uswisi ya kutia ufunguo kwa mkono. Si ya dhahabu, wala si ya jina kubwa. Alipewa pia saa ya ukutani ya shirika, lakini alisema kwamba saa ya ukutani ni ya kazi, na saa ya mkononi ni ya mwenye kazi.

Kazi yake moja haikuandikwa katika kanuni yoyote. Ratiba ya treni ilichapishwa kwa hesabu ya Kiingereza, na abiria walihesabu kwa Kiswahili au kwa lugha zao zilizofuata hesabu hiyo hiyo. Ratiba ikisema treni itaondoka saa 1.00, karani aliwaambia abiria saa saba. Ikisema 4.30, aliwaambia saa kumi na nusu. Mwanamke aliyetoka kijijini na ndizi zake kwa ajili ya soko la Kampala alitegemea tafsiri hiyo. Ikikosewa, ndizi zake huoza kwenye jukwaa la stesheni. Babu aliifanya kazi hiyo ya ukalimani mara nyingi kila siku, kwa muda wa zaidi ya miaka ishirini, bila ya kulipwa senti juu yake.

Alitufundisha wajukuu wake kanuni rahisi, ambayo walimu wa darasa la pili wanaweza kuitumia. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni saa sita, nazo ni nusu ya uso wa saa. Basi tazama mshale mfupi umeelekea wapi, kisha soma tarakimu iliyo mkabala wake. Ukiwa kwenye 1, mkabala wake ni 7, nayo ni saa saba. Ukiwa kwenye 10, mkabala wake ni 4, nayo ni saa nne. Wako waliopendelea kuziweka saa zao mbele kwa saa sita, ili tarakimu zisome Kiswahili zenyewe. Babu hakukubali kufanya hivyo, kwa kuwa saa ya mtu wa reli lazima isome kama ratiba. Tafsiri ilikuwa kazi ya ulimi, si ya saa.

Saa ilivyonusurika

Mwaka 1972 Wahindi walifukuzwa Uganda kwa amri ya Idi Amin, wakapewa siku 90 tu. Maduka ya saa yaligawiwa watu wasioijua kazi hiyo, na vipuri vikawa adimu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na reli ikagawanywa baina ya nchi tatu. Babu akastaafu muda mfupi baadaye, akarudi kijijini.

Kisha vita. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na baada ya hapo hapakuwa na amani ya kweli mpaka mwaka 1986. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka kwamba penye vizuizi vya barabarani saa ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuporwa. Mtu alinyosha mkono kutoa kitambulisho, na saa ikaonekana. Wapo waliopoteza saa tu, na wapo waliopoteza na maisha kwa sababu walisita kuivua. Shangazi yangu, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na saba, alimvua babu ile saa usiku mmoja, akaifunga katika jani la mgomba lililokauka, akaizika ndani ya mtungi wa unga wa wimbi. Ilikaa humo mara tatu katika miaka hiyo. Askari waliingia nyumbani wakachukua redio, baiskeli na kuku, lakini hawakutia mkono katika unga.

Wakati huo huo ulimwengu wenyewe ulikuwa ukiziacha saa za namna hiyo. Mwezi wa Desemba 1969 kiwanda cha Seiko cha Japani kilianza kuuza saa ya mkononi ya fuwele ya kwatzi, iendeshwayo kwa betri. Saa kama ya babu ina kamani, yaani springi iliyokunjwa, nayo huyasukuma magurudumu ya meno. Gurudumu la mizani hulizuia na kuliachia nguvu hiyo, aghalabu mara tano kwa kila sekunde, na ndiyo mlio tunaousikia. Katika saa za kawaida za betri, fuwele hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na kwa hiyo haikosei ila kidogo sana. Viwanda vya Uswisi vilivyoajiri watu wapatao 90,000 mwaka 1970 vilibakiwa na kama theluthi moja tu katikati ya miaka ya 1980. Saa ya betri ikawa rahisi kama sahani, na siku hizi simu ya mkononi inamtosha mtu kujua wakati. Babu hakujali hayo. Kila asubuhi, baada ya kunawa uso, aliitia saa yake ufunguo, hata katika miaka ambayo hakuwa na treni ya kungojea.

Shauri la jamaa

Babu alifariki akiwa amepita miaka tisini. Katika desturi ya Kiganda, wakati wa kumaliza matanga, yaani okwabya olumbe, mrithi huvikwa na kukabidhiwa mkuki mbele ya ukoo, naye husimama mahali pa marehemu. Jambo hilo lilifanyika bila ya ugomvi. Lakini desturi ilipowekwa hapakuwa na saa, na wosia wa babu haukuitaja. Jamaa tulikaa kuizungumza, na rai zikawa tatu.

Rai ya kwanza ilikuwa ya binamu yangu. Alisema saa iuzwe, na fedha zitumike kumlipia karo mtoto wa marehemu ndugu yetu, msichana aliyekuwa amefukuzwa shule ya sekondari kwa deni la muhula. Aliuliza: babu angependa nini, chuma kilale kasha au mjukuu wake asome? Hapana aliyeweza kulidharau swali hilo.

Rai ya pili ilikuwa ya baba mkubwa, aliyetwaa mkuki. Yeye alitaka saa itengenezwe upya kabisa: uso upakwe rangi, mwili ung'arishwe na kutiwa maji ya dhahabu, mkanda uwe mpya, ndipo aivae katika mikutano ya ukoo, ili mrithi aonekane mrithi.

Rai ya tatu ilikuwa ya shangazi. Alisema kwa ufupi kwamba saa ibaki kama ilivyo. Hakusema kwamba ni yake, lakini kila mtu pale alijua kwamba kama si yeye pasingekuwa na saa ya kuzungumziwa.

Ilikubaliwa saa ipelekwe kwanza kwa fundi mzee mjini, atoe maoni yake. Fundi aliifungua, akaieleza kwa uangalifu. Magurudumu yalikuwa mazima, mafuta tu yalikuwa yameganda. Bei aliyoikadiria haikufika hata karo ya muhula mmoja, kwa kuwa saa za namna hiyo zilitengenezwa kwa wingi mno, na wanunuzi hutafuta majina makubwa. Kuhusu kuipaka uso rangi, alisema kwamba ikifanyiwa hivyo itapoteza hata thamani hiyo ndogo, maana wajuzi hupenda uso wa asili, pamoja na madoa yake. Na mwili ukisuguliwa sana, alama na kingo zake hufutika, wala haziwezi kurudishwa.

Akaongeza onyo moja, ambalo nalinakili kwa faida ya wote. Saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa tarakimu na akrabu kwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani. Huko Marekani, katika miaka ya 1920, wasichana waliofanya kazi ya kupaka rangi hiyo walifundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Wengi waliugua mifupa ya taya, na baadhi yao wakafa. Nguvu ya radiamu hupungua nusu baada ya miaka 1,600 hivi, lakini ule unga unaong'aa huchakaa upesi. Kwa hiyo saa kuukuu isiyong'aa tena si lazima iwe salama. Kuivaa ikiwa imefungwa hakuleti hatari kubwa; hatari ni kuifungua na kuikwangua, vumbi lake likavutwa puani au kuingia mdomoni. Watoto wasiachiwe kuichezea, na asiifungue mtu asiye fundi.

Baada ya kusikia hayo, binamu yangu ndiye aliyesema kwanza. Alikiri kwamba saa haiwezi kulipa karo, lakini akataka deni la mtoto lisisahauliwe kwa kuwa saa imeokoka. Likakubaliwa kwamba kila nyumba itoe fungu lake, na baba mkubwa, kama mrithi, alitoa fungu kubwa kuliko wote. Saa ilisafishwa ndani tu na kutiwa mafuta. Uso wake haukuguswa. Ilirudishwa kwa shangazi aitunze, na ikaandikwa kwamba baada yake itakwenda kwa yule msichana, si kwa mrithi wa mkuki. Wazee wawili hawakuridhika na shauri hilo mpaka leo, wakisema kwamba kitu cha mwanamume hakirithiwi upande huo. Hata hivyo, wote waliweka sahihi.

Mafunzo ya jambo hili

Kutokana na mfano huu, yapo mambo manne ambayo nadhani yanafaa kuzingatiwa na kila jamaa yenye urithi wa namna hii.

Kwanza, haki za watu hutangulia kitu. Katika sheria ya Kiislamu, kabla ya urithi kugawanywa hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wosia usiozidi theluthi moja. Kitu kisichogawanyika hutwaliwa na mmoja akawafidia wenzake, au huuzwa na thamani yake ikagawanywa. Hata wasio Waislamu wataona hekima ya utaratibu huo, kwa kuwa unazuia kitu kidogo kuwa chanzo cha ugomvi mkubwa.

Pili, thamani ipimwe kabla ya kubishaniwa. Watu wengi hugombana juu ya fedha ambazo hazimo ndani ya kitu chenyewe.

Tatu, kutengeneza si kufanya kipya. Saa husafishwa ili iweze kwenda. Lakini mikwaruzo yake ni maandishi ya mtu aliyeivaa, na akifutiwa hayo hubaki chombo kisicho na mwenyewe.

Nne, historia iandikwe mara moja. Sisi tuliandika ukurasa mmoja: mwaka wa kununuliwa, kazi ya mwenyewe, stesheni alizofanyia kazi, kisa cha unga wa wimbi, na majina ya walioshuhudia shauri. Ukurasa huo umewekwa pamoja na saa.

Walimu wenzangu, kazi hii ya nne yatufaa sana sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambazo lugha hii si ya mama kwa wanafunzi walio wengi. Insha za shuleni mara nyingi huwaagiza watoto waandike juu ya safari ya Mombasa wasiyoifanya, au sikukuu wasiyoihudhuria. Mwanafunzi akitakiwa aende nyumbani, achague kitu kimoja cha zamani, amwulize bibi au babu habari zake, kisha aziandike kwa Kiswahili sanifu, atapata msamiati wa kweli: kasha, kamani, mkufu, mtungi, ratiba, wosia. Atajifunza pia kupambanua alichokiona, alichosimuliwa na anachokisia, nayo ndiyo misingi ya kazi ya mwanahistoria.

Zaidi ya hayo, wakati hautungojei. Waliofanya kazi katika reli kabla ya 1977 ni wachache sasa, na waliopigana Burma takriban wamekwisha wote. Treni za abiria kwenda Kasese zilikoma, nyasi zikaota katikati ya reli. Yaliyobaki ni vitu vilivyomo makashani na maneno yaliyomo vinywani mwa wazee, nayo yanapungua kila mwaka. Chama chetu kina wanachama katika wilaya nyingi. Kila mmoja akikusanya insha kumi nzuri za wanafunzi wake, na kuziweka katika maktaba ya shule yake, tutakuwa na daftari ambalo hapana mwingine atakayetuandikia.